Amefunga mabao 17, mbona hakuitwa Starlets?

"Assalaam alaikum kocha. Nakuandikia kutoka Likoni. Binti wa dadangu, mimi ndiye mamake mdogo na ndiye niliyemlea, ana miaka 19 na ni mshambuliaji. Msimu uliopita alifunga mabao 17 kwenye ligi ya wanawake ya huku Pwani. Orodha ya Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, ilipotoka hakuwamo, wala hakuna msichana yeyote wa timu yake. Barazani petu hapakaliki. Mmoja asema ni ukabila, mwengine asema ni kwa sababu anacheza na hijabu, mwengine asema ni kwa kuwa hatukutoa kitu. Sasa kuna bwana mmoja ametuambia tukimpa elfu thelathini, jina la mtoto litaingia kambi ijayo. Mtoto mwenyewe hataki hata kuuona mpira, na goti lamuuma ingawa hapendi tuseme. Tafadhali nieleze, kocha wa taifa huchagua vipi, na sisi tufanye nini?"

Waalaikumu salaam, dadangu. Kabla ya yote: hizo elfu thelathini usizitoe. Hata mia tano usitoe. Nitarudi hapo, lakini nilitaka ulisome hilo kwanza, asije bwana huyo akapiga simu kabla hujamaliza jibu langu.

Uchungu wako nauelewa. Umemuona mtoto akivuka feri alfajiri na viatu ndani ya mfuko wa plastiki, akarudi magharibi amejaa jasho na vumbi, kisha inatoka karatasi ya majina na lake halimo, wala hakuna aliyekuja hata mara moja kumtazama ili ampe sababu. Kuachwa bila kuonwa huuma kuliko kuonwa ukaachwa. Nimefundisha wasichana mpira hapa Mombasa miaka mingi, na nimekaa upande ule mwingine wa meza pia, ule wa kuchuja, kwa timu za hapa Pwani. Wengi waliokata tamaa walikatia hapo alipo bintiyo sasa.

Tuanze na mabao 17, maana ndiyo mzizi wa ubishi wote wa barazani. Watu huichukulia timu ya taifa kama zawadi: aliyefunga zaidi, apewe. Kocha halioni hivyo. Yeye ana mechi iliyo mbele yake, mpinzani anayemjua, na kikosi chenye mapengo. Anatafuta mtu wa kuziba pengo. Piga hesabu ya kikosi cha wachezaji 23, kama kilichotumika Kombe la Dunia la wanawake la 2023. Watatu lazima wawe makipa. Wamebaki 20 kwa nafasi 10 za uwanjani, wawili kila nafasi. Kocha akicheza na mshambuliaji mmoja wa kati, basi Kenya nzima kuanzia Vanga hadi Lodwar inagombea viti viwili, vikizidi vitatu. Na vina wenyewe. Jentrix Shikangwa ndiye aliyefunga mabao yote mawili tulipowalaza Tanzania 2-0 nyumbani kwao Dar es Salaam, fainali ya 2019 ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, na baadaye akaenda kufunga tena huko huko akiwa na klabu ya Simba Queens. Mtu wa namna hiyo hang'olewi na takwimu za ligi ya eneo. Beki wa kushoto wa kiwango cha kawaida aweza kuitwa kabla ya mshambuliaji hodari, kwa sababu tu mabeki wa kushoto ni haba.

Wala si Kenya peke yake. Mwaka 2024 kocha Emma Hayes alimwacha Alex Morgan nje ya kikosi cha Marekani cha Olimpiki. Mwanamke huyo alikuwa ameifungia nchi yake mabao zaidi ya 120. Kikosi cha Olimpiki kilikuwa cha watu 18 tu, mechi zinafuatana kila baada ya siku mbili tatu, na kocha akataka wachezaji wanaoweza kucheza nafasi zaidi ya moja. Marekani walichukua dhahabu kwa kuifunga Brazili 1-0. Sisemi walishinda kwa kuwa Morgan hakuwapo. Nataka tu bintiyo ajue kwamba kuachwa si hukumu juu ya kipaji.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hawalifikirii sana, nalo ni siku. Kocha wa klabu ana miezi kumi ya kumtengeneza mchezaji. Kocha wa taifa ana siku chache kwenye kalenda ya FIFA. Nje ya siku hizo klabu hazilazimiki kumwachia mtu. Wanaocheza ng'ambo hutua siku mbili tatu kabla ya mechi, miguu imevimba kwa safari. Kwa hiyo kocha huegemea watu wanaojua tayari wapi pa kusimama kona ikipigwa. Ndiyo maana majina hujirudia rudia, na mgeni huingia kwa tundu dogo sana, mara nyingi akiitwa kwanza kama wa ziada. Starlets walipoitoa Gambia Oktoba 2025 na kufuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 2016, kocha Beldine Odemba hakuwa na sababu ya kuvunja kikosi chake ili ajaribu watu wapya.

Sasa nikueleze mchujaji anatazama nini, kwa tukio nililoliona mwenyewe. Tulikuwa Uwanja wa Bomu, Changamwe, jua la saa saba, nami nina daftari kwenye mapaja. Wasichana wawili wanagombea nafasi moja ya mbele. Wa kwanza alifunga mara tatu na watu wakampigia makofi. Wa pili hakufunga. Lakini nilimwekea alama ndogo ndogo kila alipofanya jambo bila mpira, na kufikia mapumziko ukurasa ulikuwa umejaa. Beki akipewa pasi, yeye yuko njiani tayari, amepinda mwili kiasi kwamba beki hana pa kupeleka mpira ila nyuma kwa kipa. Kabla ya kupokea mpira alikuwa amechungulia bega la kushoto na la kulia. Alipoupoteza, alikimbia hatua sita za haraka kuutafuta badala ya kushika kiuno. Yule wa mabao matatu, mawili aliyapata beki alipoteleza, na muda mwingine alikuwa akitembea. Tulimchukua wa pili. Jamaa za yule wa kwanza walituita majina yote jioni ile, na siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Mabao ya ligi ya eneo mchujaji huyapunguza thamani, na hapo hana ubaya. Anajiuliza: huyu mtoto akipokea mpira ana sekunde ngapi kabla ya kukabwa? Katika mechi nyingi za huku kwetu anazo mbili au tatu. Dhidi ya Nigeria, ambao walitufunga 4-0 kule Kameruni 2016, hana hata moja. Kwa hiyo swali analoulizwa mshambuliaji ni mguso wake wa kwanza ukoje akiwa na mtu mgongoni. Hilo nalo hufundishika. Dakika 15 kila siku ukutani na mpira, mtu mzima akimsukuma kwa nyuma, hulibadilisha.

Sasa ukabila. Sitakudanganya kwamba uchaguzi nchini hauna doa, wala sitakubali kwamba ndiyo sababu bila ushahidi. Ninachokiona kwa macho yangu ni umbali. Klabu kubwa za wanawake, Vihiga Queens, Ulinzi Starlets, Kenya Police Bullets, Kibera Girls, ziko Magharibi na Nairobi na kandokando yake. Shule zilizojijengea jina kwa soka ya wasichana, kama Wiyeta, Nyakach na Butere, ziko huko huko. Msichana anatoka shuleni, anaingia klabu ya ligi kuu iliyo jirani, na mechi zake zinatazamwa na watu ambao hawahitaji hata kulala nje. Likoni iko kilomita karibu 480 kutoka Nairobi. Mtafuta vipaji haji kwa mechi moja. Hii ni dhuluma, naisema waziwazi: nchi inayotafuta wachezaji pale inapokaa tu itawakosa wengine walio bora. Lakini dhuluma ya kutoonwa ina dawa tofauti na ya kuchukiwa. Ukiamini unachukiwa, utakaa barazani. Ukijua huonwi, utatafuta mahali pa kuonekana.

Na njia imepitwa na watu. Esse Mbeyu Akida alikuwamo kwenye kikosi kile cha kwanza kilichokwenda Kombe la Afrika 2016, kisha akacheza Uturuki na Ugiriki. Jina la Mbeyu si geni kwa msomaji yeyote wa Kilifi. Pale Kilifi penyewe, Moving the Goalposts wamekuwa wakiwachezesha wasichana mpira tangu 2001. Pwani si jangwa.

Hijabu nitaimaliza haraka kwa sababu jibu lake liko wazi. Sheria za mpira zinairuhusu. Ilianza kwa majaribio 2012, ikapitishwa moja kwa moja 2014. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Moroko alicheza Kombe la Dunia akiwa nayo dhidi ya Korea Kusini, na wakashinda 1-0. Masharti ni kwamba iwe nyeusi au ya rangi kuu ya jezi, ikae sawa kichwani, isiwe na pini wala kitu cha kuumiza, na isining'inie. Mwamuzi yeyote wa mtaani akimwambia aivue, kiongozi wa timu amwonyeshe sheria kwa adabu. Mchezaji asiingie yeye kwenye mabishano hayo. Yeye apashe moto misuli.

Turudi kwa bwana wa elfu thelathini. Hakuna ada ya kuitwa timu ya taifa. Hakuna "pesa ya fomu", "ya jezi" wala "ya kumwona kocha". Mwito hupitia kwa klabu, kwa maandishi, na kambi hugharamiwa na wenye timu. Watu hawa hucheza kamari na majina ya watoto wetu: huchukua fedha kwa kumi, mmoja akiitwa kwa uwezo wake, wanasema ni wao. Weka ujumbe wake wa simu, usiufute. Ofisi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ipo hapa Mombasa, na ni vyema uende mwenyewe kuliko kupiga simu. Na nikuombe jambo moja gumu zaidi. Kaa na binti mkiwa wawili, umuulize taratibu kama kuna yeyote, kocha, kiongozi au "wakala", aliyemtaka kimapenzi ili amsaidie. Wasichana hulificha hili kwa kuogopa kuachishwa mpira. Akikwambia ndiyo, usimlaumu wala usimkataze kucheza. Nambari 1195 hupokea simu bila malipo kwa mambo haya, 116 ni kwa walio chini ya miaka 18, na Coast General, pale tunapopaita Makadara, kuna kitengo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Kama jambo limetokea kwa nguvu, aende hospitali ndani ya saa 72, kabla ya kuoga na bila kufua nguo, kwa sababu zipo dawa za kinga ambazo baada ya hapo hazifai tena.

Haya, afanye nini? Njia ni kadhaa na kila moja ina bei yake.

Kuhamia klabu ya ligi kuu Nairobi au Magharibi ndiyo njia ya haraka ya kuonwa. Lakini uliza kwanza, kwa maandishi, atalala wapi, atakula nini, nani atamtibu akiumia. Nimeona wasichana waliopelekwa kwa ahadi tupu wakaishia kulala sita chumba kimoja, wakarudi wamekonda na mpira wameuchukia. Klabu za vikosi vya usalama huweza kufungua njia ya ajira, na hilo kwa msichana wa miaka 19 si dogo. Chuo ni njia ninayoipenda mimi zaidi: Chuo Kikuu cha Zetech, kwa mfano, kimewahi kuwa na timu yake ligi kuu, na vyuo kadhaa huwapunguzia wanamichezo karo. Akivunjika mguu, cheti anacho. Kama matokeo yake ya shule yanaruhusu, anzeni hapo.

Kuna na njia ambayo watu wa Pwani tunaisahau ilhali iko mlangoni: Tanzania. Kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga ni safari ya saa mbili tu, na ligi yao ya wanawake imepanda sana. Simba Queens na Yanga Princess huchukua wachezaji wa kigeni. Shikangwa aliendelea kuitwa Starlets akiwa huko. Ana miaka 19, kwa hivyo sheria ya FIFA inayozuia uhamisho wa kimataifa wa watoto chini ya miaka 18 haimgusi. Lakini asivuke na mtu yeyote bila barua ya klabu inayomtaka, na mkataba asomewe na mtu anayeujua kabla ya kutia sahihi.

Akibaki nyumbani msimu huu, ambalo si kosa, naomba afanye mambo mawili. Ajifunze nafasi ya pili. Mshambuliaji mwenye mbio anayeweza pia kucheza winga ya kulia na kurudi kukaba, thamani yake kwa kikosi cha watu 23 huongezeka papo hapo. Na mrekodi mechi zake. Si vipande vya mabao na muziki juu yake; vile makocha huvifunga baada ya nusu dakika. Mtu apande juu ya ukuta au jukwaani, ashike simu kwa upana, achukue dakika zote 90 bila kumfuata yeye tu, ili ionekane anasimama wapi wakati mpira uko mbali. Mechi tatu zatosha, mojawapo iwe dhidi ya timu inayowazidi nguvu.

Karatasi. Hili limewatoa wasichana wangu machozi kuliko goli lolote. Mmoja aliitwa Alhamisi, safari ilikuwa wiki inayofuata, na hakuwa na pasipoti. Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa Mwanaisha, kitambulisho Mwanaesha. Herufi moja. Akabaki Mombasa akitazama mechi kwenye simu. Toeni leo cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha shule, vilazeni mkekani kwa pamoja, mlinganishe majina na tarehe herufi kwa herufi. Pakipishana, anzeni kurekebisha sasa, na mkimaliza muombe pasipoti kabla hajaitwa na yeyote. Tarehe ya kuzaliwa ni muhimu zaidi kwake kwa sababu timu ya chini ya miaka 20 huhesabu mwaka wa kuzaliwa, na huenda bado ana nafasi humo. Msiidharau njia hiyo. Junior Starlets, wa chini ya miaka 17, ndio waliokuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, 2024 kule Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Meksiko 2-1.

Nimeliacha goti mwisho lakini kwangu ndilo la kwanza, na kama leo ungenipa nafasi ya kukwambia jambo moja tu, ningekwambia hili. Wanawake huumia ligamenti ya mbele ya goti, ule ukanda wa ndani unaolishikilia, mara mbili au zaidi kuliko wanaume wanaocheza mpira uleule. Msichana anayeficha goti ili asiachwe hujikuta ameachwa kwa mwaka mzima. Muulize: je, kuna siku alisikia kitu kikilia "tap" ndani ya goti alipogeuka au kutua? Lilivimba ndani ya saa chache? Hukosa nguvu likataka kumwangusha akishuka ngazi? Hujifunga likakataa kunyooka? Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, hachezi tena, hata mazoezi mepesi, mpaka aonwe na daktari wa mifupa. Usimpeleke kukandwa, goti lililochanika ndani likikandwa na kuvutwa huharibika zaidi. Kama ni maumivu ya mbele tu, chini ya pia ya goti, yanayokuja baada ya mechi na kutulia akipumzika, mara nyingi ni uchovu wa kano, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamsaidia kwa wiki kadhaa. Lakini hilo haliamuliwi na mimi kwa barua, wala na wewe kwa kumtazama.

Daktari akimruhusu, timu yake ianze kupasha misuli kwa mazoezi ya FIFA 11+. Ni dakika 20, hayahitaji vifaa vya ghali, na yakifanywa mara mbili tatu kwa wiki hupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Kocha wake akisema hakuna muda, apunguze dakika za kukimbia kuzunguka uwanja. Na muulize pia, ukiwa peke yako naye, kama hedhi yake ni nzito na kama huchoka au kusikia kizunguzungu mazoezini. Kipimo cha damu hakina gharama kubwa, na nimeona wachezaji walioitwa wavivu kumbe damu imepungua.

Kuhusu kutotaka kuuona mpira, mwachie wiki mbili. Usimsukume, wala usimwambie watu wa barazani wanasema nini. Mpeleke kwa daktari wa goti kwanza, maana huenda ni maumivu yanayozungumza. Akiamka siku moja akaulizia viatu vyake, mwambie nami ningependa kumuona akicheza. Na mkirekodi zile mechi tatu, nitumieni kwanza ile mliyofungwa.